Mistari ya Kijani ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ana vipaji vingi, na kwa bahati mbaya anavijua vyote. Ndiyo maana alipofungua kampuni ya kutengeneza michezo ya kompyuta hakutaka hata kusikia habari za injini za wengine, zile programu za kujengea michezo ambazo watu wenye akili zao huzipakua asubuhi na kuanza kazi kabla ya chai. Yeye aliandika ya kwake kuanzia herufi ya kwanza. "Mtu mzima ana injini yake," alituambia, amesimama mbele ya feni ili tai ipepee, nasi tukapiga makofi kwa sababu feni ilikuwa moja na yeye ndiye aliyeizuia.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Ukipanda ngazi unapokewa na harufu ya sponji mpya, na ukikaa siku nzima unarudi nayo nyumbani kwenye nywele. Chumba cha mbele ni chetu sisi wafanyakazi. Cha nyuma ni cha shemeji, kina mlango wa kioo ili aone nani anapiga miayo. Mimi niliingia pale kwa mlango wa undugu, sikatai. Dada aliniombea kazi, shemeji akanipa, na tangu siku hiyo kila neno tulilopishana ofisini lilifika mezani kwa dada kabla chakula hakijapoa.

Meza yangu ilipakana na ya Mama Mapacha. Mapacha wenyewe walikuwa na umri wa kushitakiana, na kila mchana walimpigia simu ili awaamulie nani kamsukuma nani. Alikuwa anaamua huku mkono wake mwingine uko kwenye kipanya, anafanya kazi. Yeye ndiye aliyejenga vyumba vya ndani ya mchezo: anaweka kabati hapa, kiti pale, anakuza hiki, anapunguza kile, mpaka unatamani kuhamia. Kazi yangu mimi ilikuwa hesabu za kugongana, yaani kuhakikisha kwamba mtu wa kwenye mchezo akikutana na ukuta anasimama, hapiti kama moshi.

Mchezo wetu uliitwa "Miwani ya Bibi". Bibi mmoja anatafuta miwani yake ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kila akifungua mlango anakuta vitu vimebadilika ukubwa. Hapa kikombe kimekuwa kikubwa kama tangi la maji, pale kitanda kimekuwa kidogo kama kiberiti. Raha yote ya mchezo ilikuwa hiyo, na balaa lote lilitokea hapohapo.

Kila kitu kwenye mchezo kina sura na kina boksi. Sura ndiyo unayoiona, boksi ndilo unaloligonga. Sura ya kabati inaweza kuwa na nakshi na vitasa, lakini kompyuta haijali nakshi. Inachojua ni boksi tupu lililofichwa ndani yake, na bibi akigusa boksi hilo anasimama. Mchezaji halioni kamwe. Sisi watengenezaji tulilazimika kuliona, la sivyo tungejuaje kama linakaa sawa? Kwa hiyo shemeji alitutengenezea mistari ya kijani. Unabonyeza kitufe kimoja, na kila boksi linachorwa kwa mistari juu ya kitu chake; lisipokaa sawa, Mama Mapacha analivuta kwa kipanya mpaka likae. Aliandika kipande hicho cha programu mwenyewe kwa siku moja, na alikipenda kuliko injini yote.

"Mistari haikosei," alikuwa akisema. Alilisema neno hilo kwenye vikao, kwenye ngazi, na mara moja kwenye msiba.

Wiki chache kabla wageni waliotaka kuusambaza mchezo hawajaja kuutazama, shemeji alitoka chumbani kwake, akavuta kiti, akaanza kucheza mbele yetu sote. Bibi akaingia sebuleni. Akasogea kwenye kabati kubwa la vyombo, kubwa mara mbili ya kawaida, na badala ya kusimama akazama ndani yake mpaka mabegani. Kilichobaki nje kilikuwa kilemba na mkoba. Shemeji akamrudisha nyuma, akampeleka kwenye kikombe kidogo kilichokuwa sakafuni. Bibi akasimama mbali na kikombe, akawa anatembea palepale, kana kwamba hewa imemkataza.

Hakuna aliyecheka, ingawa ilichekesha kweli.

Shemeji akabonyeza kitufe. Mistari ya kijani ikawaka, imelikumbatia kabati kona kwa kona, imekizunguka kikombe bila kuacha hata nafasi ya unywele.

"Mnaona? Maboksi yako sawa," alisema. "Mistari haikosei. Basi kosa liko kwa mwenye hesabu za kugongana." Akanigeukia. "Wageni watakapofika, mwenye kosa hili atakuwa ameshafunga virago. Hata kama ni damu ya nyumbani. Hasa kama ni damu ya nyumbani, watu wasije wakasema napendelea."

Nilijua hatanii. Kuna mpwa wake alimfukuza kwa kuchelewa, kisha akamwalika chakula cha jioni siku hiyohiyo na kumsifia uvumilivu.

Nikaanza kujitafutia kosa. Nilipekua hesabu zangu zote, nikazisoma mbele na nyuma, nikaziandika upya, na bibi akaendelea kuzama kabatini kama mtu anayeingia bafuni kwake. Nilianza kujidharau. Dada akanipigia simu kuniuliza kama nina matatizo ya macho. Nilitafuta kila mahali isipokuwa mahali pamoja, kwenye mistari, na sababu ni kwamba nilishaambiwa mara nyingi mno kuwa haikosei. Mtu akikwambia jambo kila siku kwa sauti ya juu, na wewe unamsikia kila siku mbele ya feni moja, mwishowe unaacha kulichunguza.

Mwisho wa yote, kwa kukata tamaa tu, niliiamuru kompyuta iniandikie upana wa boksi la kabati kwa tarakimu. Ikaandika. Lilikuwa nusu ya upana wa kabati. Nikatazama mistari: imelingana na kabati zima. Nikatazama tena tarakimu. Boksi nusu, mistari kamili. Hapo nikaenda kusoma kipande cha shemeji, kile alichokipenda.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kutia aibu. Ukikuza kabati mara mbili, boksi lake linakua mara mbili pamoja nalo, bila kuombwa. Mistari ya shemeji ilikuwa inalichukua boksi ambalo limeshakua, kisha inalikuza tena mara mbili kwa heshima ya kabati. Kwa hiyo mistari ilitokea mikubwa mara nne. Na kitu kilichopunguzwa nusu, mistari yake ilipunguzwa mara ya pili ikawa robo. Kitu ambacho hakijakuzwa wala kupunguzwa hakikuonyesha tofauti yoyote, na chumba cha mfano, ambacho shemeji alikipanga kwa mkono wake mwenyewe ili tuige, hakikuwa na hata kijiko kilichobadilishwa ukubwa. Mle mistari ilikaa vizuri siku zote. Ndicho chumba alichokuwa akimwonyesha kila aliyetutembelea.

Nilipaza sauti ya furaha, nikafuta kule kuzidisha kwa ziada, nikabonyeza kitufe. Ikawaka picha ambayo sitaisahau. Ndani ya tumbo la kabati kubwa kulikuwa na boksi dogo kama sanduku la safari. Kikombe kidogo kilikuwa kimefunikwa na boksi kama hema. Nyumba nzima ya bibi ilikuwa hivyo, chumba baada ya chumba, vikubwa vina maboksi madogo na vidogo vina maboksi makubwa. Chumba cha mfano peke yake kilibaki nadhifu.

Nikaita, "Shemeji! Njoo uone! Hesabu zangu hazina kosa!"

Nilimwita kwa sauti ya mtu aliyeokoka. Pembeni yangu Mama Mapacha alikuwa na simu sikioni, anamwambia mmoja amrudishie mwenzake rula. Sikumtazama. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma.

Shemeji akaja, akainama, akatazama. Akapitia sebule, jiko, ghala. Kisha akafungua chumba cha mfano, akatabasamu, akakifunga.

"Kumbe," alisema. "Kumbe shemeji umeonewa bure." Akageuka. "Mama Mapacha, haya maboksi gani?"

Mama Mapacha akakata simu. Akatazama skrini. "Bosi, jana yalikuwa sawa. Niliyavuta moja moja mpaka mistari ikakaa. Umeyaona mwenyewe."

"Jana yalikuwa sawa, leo yameharibika. Maboksi yana miguu?"

"Shemeji," nikaingilia, "mistari ndiyo iliyokuwa inadanganya. Ilikuwa inakuza mara mbili. Yeye aliona mistari imepita kabati, akalivuta boksi liwe dogo ili mistari ikae. Angefanya nini?"

"Mistari yangu," alisema shemeji taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "imefanya kazi yake. Imefichua uzembe. Chumba changu tazama kilivyo. Mistari ni ileile, chumba ni kizuri. Kwa nini? Kwa sababu aliyekipanga alikuwa makini."

"Chumba chako hakina kitu kilichokuzwa!"

"Ndiyo umakini wenyewe."

Ni kitu cha ajabu kuona ukweli umeusugua mwenyewe mpaka ukang'aa, halafu mtu anauchukua na kumpigia asiye na hatia. Mama Mapacha akaambiwa amalizie wiki. Shemeji akarudi nyuma ya kioo chake, na njiani akanipiga bega kidogo kunipongeza.

Mama Mapacha hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua mistari ina kosa."

"Ulijua kwamba ukiisahihisha, mimi ndiye nitakayeonekana mchafu?"

"Sikufikiria."

"Haya," alisema. "Wewe ulikuwa unajikosha. Mtu akijikosha hatazami maji yanamwagikia nani." Akaanza kuondoa picha za mapacha kwenye ukingo wa skrini yake, na hakunisemesha tena mpaka mwisho wa wiki.

Jumapili nilikwenda kwa dada na laptopu begani. Dada ana sheria moja: kazi haipandi mezani. Nikasubiri sahani ziondolewe, kisha nikaiweka laptopu pale zilipokuwa sahani.

"Nini tena hicho?" dada aliuliza.

"Mchezo," nilisema. "Kwani michezo imekatazwa?"

Shemeji alikuwa ameshiba na yuko radhi na dunia. Nilikuwa nimeirudisha mistari yake ya zamani, kama alivyoiandika, bila kugusa nukta. Nikafungua chumba chake cha mfano. Macho yakamlainika.

"Shemeji, naomba unisaidie kitu kidogo. Kile kistuli chako, kikuze mara mbili."

"Hicho tu?" Akavuta kipanya, akakikuza. Kistuli kikawa kikubwa.

"Washa mistari."

Akawasha. Mistari ya kijani ikalipuka pande zote za kistuli, mikubwa kuliko kistuli chenyewe, ikafika karibu na ukuta.

Nilikuwa nimejiandaa kueleza, nilikuwa na maneno mengi. Lakini sikusema neno, kwa sababu mkono wake ulishaanza kazi wenyewe. Alikunja uso kidogo kwa kero, akashika boksi kwa kipanya, akalivuta ndani, akalivuta tena, mpaka mistari ikalala juu ya kistuli kona kwa kona. Alifanya kwa ustadi na bila kuwaza, kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza kilichopinda.

"Tayari," alisema. "Umeona? Ni kuwa makini tu."

"Vizuri sana. Sasa mkalishe bibi."

Akamleta bibi. Bibi akapanda, akakaa, akazama katikati ya kistuli mpaka kiunoni. Akabaki hapo, mkoba mapajani, anatazama mbele kwa subira.

Dada alikuwa amesimama nyuma yetu na kitambaa cha kufutia vyombo. Hajui injini wala boksi, na hajawahi kupanda ngazi za ofisi yetu. "Mbona bibi wa watu ameanguka?" aliuliza. "Si wewe mwenyewe umemwekea hicho kistuli?"

Shemeji akashika tena kipanya. Akamtoa bibi, akamkalisha tena. Bibi akazama tena. Akaangalia mistari, imekaa sawasawa. Nikaona shingo yake inaanza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu.

"Kistuli hiki," alisema hatimaye, "alikichora nani?"

"Wewe," nilisema.

Dada amekuwa mke wa mtu mwenye vipaji vingi kwa miaka mingi, na anajua kusoma shingo hiyo kuliko mimi ninavyosoma msimbo. "Huyu mama mwenye mapacha," alisema, "uliyesema umemwachisha kwa uzembe. Alifanya nini hasa?"

Bibi alikuwa bado kiunoni ndani ya kistuli, naye hakuwa na haraka.

"Alifanya kama hivi ulivyofanya sasa hivi?"

"Si sawasawa kabisa," shemeji alisema.

"Mpigie."

"Leo Jumapili."

"Simu zinafanya kazi Jumapili. Mpigie, nami niko hapa, nasikia."

Akapiga. Alizungumza amegeukia dirishani, kwa sauti ya kuagiza gesi. Alisema kumetokea utata wa kiufundi. Alisema arudi kesho. Neno la kuomba radhi lilikaribia kutoka mara mbili, na mara zote mbili likageuka kikohozi. Nilikuwa nimemkasirikia wiki nzima, lakini pale dirishani nilimhurumia kidogo, jambo lililonikera zaidi.

Jumatatu akatukusanya mbele ya feni. Mama Mapacha alikuwa amerudi, mkoba bado begani, hajakaa.

"Mtakumbuka nilisema mwenye kosa atafunga virago kabla wageni hawajafika," shemeji alianza. "Mimi si mtu wa kubadilisha maneno. Uchunguzi umekamilika. Kosa lilikuwa la mistari."

Tukasubiri aendelee. Hakuongeza ni mistari ya nani.

"Kwa hiyo kuanzia leo mistari imeondolewa. Nimeifuta kwenye injini yote. Nilikuwa nikiwaambia kila siku msiitegemee sana."

Mtu fulani nyuma akapatwa na chafya iliyofanana sana na kicheko. Shemeji akaenda zake nyuma ya kioo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya injini yake tukaachwa tupange nyumba ya maboksi kwa kupapasa.

Hatukupapasa muda mrefu. Mistari iliyosahihishwa nilikuwa nimeihifadhi kwangu, nikairudisha chini ya vitufe viwili vinavyobonyezwa kwa pamoja, na kufikia mchana ofisi nzima ilivijua. Kufikia keshokutwa yake shemeji alifungua mlango wa kioo, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwanangu anaendelea vizuri. Sina mtoto. Nikamwambia vile vitufe viwili, akashukuru, akarudi ndani.

Lakini maboksi yote ya Mama Mapacha yalikuwa bado mabovu. Nikamwambia naweza kuiamuru kompyuta iyarekebishe yote mara moja, ni hesabu ndogo tu, kila boksi lirudishwe kadiri lilivyovutwa. Hata chai haitapoa.

"Na utajuaje yamekaa sawa?" aliuliza. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu wiki ile.

"Tutawasha mistari tuone."

"Mistari ya nani?"

"Yangu. Hii ni sahihi, nakuapia."

Akanitazama kama anavyowatazama mapacha wakiapa.

"Hata ile ya kwanza iliapiwa," alisema. "Rekebisha, sawa. Halafu vuta kiti chako, ukae hapa. Mimi nitataja kitu, wewe utampeleka bibi akakigonge. Akisimama, naandika kimepona. Kimoja kimoja."

"Mama Mapacha, nyumba ina vitu vingi sana."

"Navijua. Niliviweka mimi."

Nikavuta kiti. Simu yake ikalia, mmoja wa mapacha akaanza kueleza mashitaka, na Mama Mapacha akamwambia asubiri kidogo, mama yuko kazini. Akawasha mistari yangu. Ilikuwa imelikumbatia kabati la vyombo kona kwa kona, nzuri mno, kama ile ya zamani ilivyokuwa nzuri. Akaitazama kwa muda, kisha akaizima.

"Kabati la sebuleni," alisema. "Gonga."

Nikampeleka bibi. Nilijua kwamba kwake mimi bado ni mtu yule aliyeita kwa furaha bila kutazama pembeni. Bibi akafika kabatini, akagusa, akasimama.

"Rudia," alisema Mama Mapacha.

Nikarudia.